Great Dane si wa Denmark, na si mbwa wa banda

Swali: *Daktari, shikamoo. Naishi Mbezi ya Kimara, nina watoto wawili na uwanja wa kutosha, ila vibaka wameshauzoea ukuta wangu. Kuna jamaa anauza watoto wa Great Dane. Anasema ni mbwa wa asili ya Denmark, zamani walilinda majumba ya wafalme. Nimempenda dume mmoja: karibu mwili mzima ni mweupe, ana doa jeusi moja mgongoni na jingine sikioni. Baba na mama yake nimewaona, wote wawili weupe wenye mabaka meusi, wanapendeza kweli. Wana wiki sita. Muuzaji anasema nimpe kalsiamu kwa wingi ili mifupa iwe mikubwa, na nikiongeza hela kidogo atamkata masikio yasimame. Mke wangu amekubali kwa sharti moja, mbwa asikanyage ndani, kwa hiyo nitamjengea banda. Nimeshatoa advansi. Huyu mbwa asili yake hasa ni wapi, na je, anatufaa?* (Baba Faraja)

Jibu: Marahaba, Baba Faraja. Nitaanza na swali la asili, maana hilo sharti la mama Faraja linajibiwa hukohuko.

Great Dane ni mbwa wa Kijerumani. Kwao anaitwa Deutsche Dogge, na shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linamwandika chini ya Ujerumani. Huo Udenmark alibandikwa na Mfaransa, mtaalamu wa viumbe Buffon, aliyemwita Grand Danois katika karne ya 18. Waingereza wakalichukua jina lilivyo, likaganda. Kwa hilo muuzaji wako simlaumu, amerithi kosa la watu wengine. Ila hilo la kulinda majumba ya wafalme lina ukweli nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayokuhusu wewe.

Karne ya 16 na ya 17, wakubwa wa Kijerumani walipenda sana kuwinda nguruwe mwitu. Dume la nguruwe wa Ulaya hupita kilo 100 bila shida, na meno yake yaliyochomoza hupasua tumbo la mbwa kwa pigo moja. Mbwa mzito mwenye taya za kung'ang'ania alikuwa hamfikii. Mbwa mwepesi mwenye mbio alimfikia, akakosa ubavu wa kumzuia. Ndipo wakaagiza kutoka Uingereza machotara wa mastiff, yaani mbwa wazito wa aina hiyo ya kwanza, na wale mbwa warefu wa Ireland waliotumika kuwinda mbwa mwitu wa Ulaya, wakaendelea kuwazalisha wenyewe. Kazi ya mbwa hao ilikuwa kumkimbiza nguruwe, kumdaka sikio na kumkaba hapohapo hadi bwana afike na mkuki. Wengi hawakurudi nyumbani.

Katika kundi hilo, waliokuwa wazuri wa sura na watulivu walitengwa. Waliitwa Kammerhunde, yaani mbwa wa chumbani. Walivishwa kola zilizopakwa dhahabu, na usiku walilala ndani ya chumba cha bwana, karibu na kitanda, ili mwenye nia mbaya akiingia akutane na mbwa kwanza. Wenzao wa kuwinda walibaki mabandani. Kwa hiyo ndiyo, walilinda majumba, lakini kutokea ndani ya chumba cha kulala. Misitu ilipopungua na bunduki zikazidi, uwindaji ule ulikwisha, na aliyeendelea kutafutwa na matajiri ni huyu wa chumbani. Kwa vizazi vingi watu wakachagua upole na ukaribu na mwenye nyumba, ule ukali wa porini wakaupunguza makusudi. Mbwa unayetaka kumnunua ni mjukuu wa Kammerhund.

Jina na umbo lake vilikuja kupangwa baadaye sana. Kwenye maonyesho ya mbwa ya Hamburg mwaka 1863 walioneshwa kama aina mbili, mbwa wa "Denmark" na mbwa wa Ulm, na waamuzi wakawa hawajui mmoja anaanzia wapi na mwingine anaishia wapi. Mwaka 1878 kamati ikakutana Berlin chini ya Dk. Bodinus, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya mji huo, ikaamua wote ni mbwa mmoja na jina ni Deutsche Dogge. Vipimo rasmi vikaandikwa 1880, chama chao kikaundwa 1888. Ujerumani yenyewe ilikuwa taifa changa, lililounganishwa 1871, na watu walikuwa wakitafuta kila kitu cha kuita cha kwao, mbwa akiwemo.

Aliyempa umaarufu hasa ni Bismarck, chansela wa Ujerumani. Huyu mbwa wake hakuwaweka bandani. Great Dane wake walimfuata ofisini na mezani. Mmoja wao, Tyras, alimrukia Gorchakov, chansela wa Urusi, wakati wa mkutano wa Berlin wa 1878, na magazeti ya Ulaya yakapata la kuandika. Tyras alikuwa bado hai mwaka 1885 pale mkutano mwingine wa Berlin, ule tunaousoma shuleni, ulipomalizika, na kesho yake kampuni ya Carl Peters ikapewa hati ya ulinzi juu ya ardhi za huku kwetu. Sisemi mbwa alihusika, lakini kila nikiona picha ya Bismarck na mbwa wake huwa nalikumbuka hilo.

Sasa tuje kwenye mwili, kwa kuwa huo ndio utakaokugharimu. Vipimo vya FCI vinataka dume asipungue sentimita 80 begani na asizidi 90. Jike ni 72 hadi 84. Kwa uzito, dume wa kawaida yuko kati ya kilo 60 na 80. Akiinuka na kuweka mikono mabegani mwako, wewe ndiye utakayeinua uso kumtazama. Zeus wa Michigan, Marekani, alipimwa mwaka 2011 akakutwa na sentimita 111.8 begani, akaingia kwenye rekodi za Guinness kuwa mbwa mrefu kuliko wote. Alikufa 2014, hajatimiza miaka sita.

Urefu wa Zeus ulikuwa wa ajabu, ufupi wa umri wake si wa ajabu sana. Great Dane huishi miaka saba hadi kumi, wengi hukomea kwenye minane. Afrika Kusini kuna sanamu ya mwenzake, Just Nuisance, pale Simon's Town. Huyu alizoea kupanda treni za Cape Town na mabaharia, bila tiketi, analala kwenye viti, hakuna wa kumtoa. Wakubwa wa reli walipotishia kumuua, jeshi la majini la Uingereza likamwandikisha baharia tarehe 25 Agosti 1939 ili asafiri bure. Ndiye mbwa pekee aliyewahi kuandikishwa rasmi katika jeshi hilo. Alizikwa kwa heshima za kijeshi, na alikufa siku aliyotimiza miaka saba. Nakutajia hayo kwa sababu una watoto. Mbwa atakayeingia kwako Faraja akiwa darasa la kwanza, uwezekano mkubwa ni kwamba hatamkuta kidato cha pili.

Kuhusu banda. Great Dane ana manyoya mafupi na mafuta kidogo chini ya ngozi, na kila akijilaza, uzito wote huo huegemea viwiko na nyonga. Mlaze kwenye saruji, na baada ya miezi michache utaona vivimbe vya maji kwenye viwiko, kisha ngozi inakuwa gaga, kisha kidonda kisichopona kwa kuwa kila akilala anakigandamiza upya. Joto la Dar nalo ni adui yake. Mwili mkubwa hutoa joto polepole, na banda la bati lisilopitisha upepo, saa nane mchana mwezi Februari, linaweza kumuua. Hayo yote yanatibika kwa godoro nene na kivuli kizuri. Kisichotibika ni upweke. Mbwa wa chumbani akifungiwa uani peke yake hageuki kuwa mlinzi. Anakuwa mwoga au mharibifu, na mbwa mwoga wa kilo 70 ni hatari kwa jirani, kwa dada wa kazi na kwa watoto. Kwa hiyo sharti la mama Faraja si dogo. Tena simwambii abadili msimamo. Nyumba nyingi hapa pwani mbwa haingii ndani kwa sababu za dini na usafi, na huyu hutoa udenda hadi ukutani. Ninachosema ni kwamba sharti hilo na mbwa huyu haviwezi kukaa pamoja.

Kalsiamu, tafadhali usimpe. Hapa muuzaji anakupotosha vibaya, na si yeye peke yake. Nusu ya watoto wa mbwa wakubwa wanaoletwa kwangu miguu imepinda wameshalishwa unga wa mifupa au DCP, madini ya kalsiamu na fosforasi ya ng'ombe, kutoka duka la dawa za mifugo. Angalia hesabu. Great Dane huzaliwa na nusu kilo na ushei, na akifikisha mwaka anapita kilo 50. Ni karibu mara mia. Mtoto wa binadamu mwaka wa kwanza huongezeka kama mara tatu. Mifupa inayokua kwa kasi hiyo haihitaji kuharakishwa zaidi, inahitaji kupunguziwa mwendo. Mbwa mzima akila kalsiamu nyingi, utumbo wake hukataa ya ziada. Mtoto chini ya miezi sita hana uwezo huo. Inapenya tu mwilini, inavuruga namna gegedu linavyogeuka mfupa, na unapata viungo vilivyovimba, miguu iliyopinda nje, maumivu ya mabega. Hili si la kubahatisha. Chuo Kikuu cha Cornell kilionyesha mwaka 1974 kwamba watoto wa Great Dane walioachiwa wale watakavyo walipata matatizo ya mifupa kuliko waliopimiwa, na Chuo Kikuu cha Utrecht cha Uholanzi baadaye kikaonyesha madhara ya kalsiamu, tena kwa mbwa hawahawa.

Usije ukaenda upande wa pili ukamlisha ugali na mapupu tu. Hapo kalsiamu ni ndogo mno, fosforasi imezidi, na mifupa inakuwa laini hadi kuvunjika. Ukimtupia na dagaa kwa kukisia, hujui tena uko wapi, maana dagaa huliwa na mifupa yake. Kwa mbwa mwingine ningekuambia changanya vizuri utafika. Kwa huyu, miezi 18 ya mwanzo, nunua chakula kamili kilichoandikwa cha watoto wa mbwa wakubwa. Geuza mfuko usome: kalsiamu isipite asilimia 1.8, na mimi hupenda iwe karibu na 1.2. Mpimie, usimwachie bakuli wazi. Ukipitisha kiganja ubavuni uhisi mbavu bila kubonyeza. Jirani akikuambia mbona mbwa wako amekonda, mwache aseme.

Akiwa mkubwa atakula kati ya gramu 800 na kilo 1.2 za chakula kikavu kwa siku, hivyo mfuko wa kilo 15 unakwisha ndani ya siku 12 hadi 19. Dawa za minyoo hupimwa kwa kilo. Vidonge vya kupe vilivyozoeleka madukani, kile kikubwa kabisa huishia kilo 56 au 60, kwa hiyo dume wako atahitaji viwili kwa mkupuo mmoja. Kupe huwezi kuwapuuza huku kwetu, homa zao zinaua mbwa wa kigeni haraka. Wengi hupigia hesabu bei ya mtoto wa mbwa peke yake. Hiyo ndiyo ndogo kuliko zote.

Sasa kuna ugonjwa mmoja ambao, kama utakumbuka kitu kimoja tu katika barua hii, naomba kiwe huo. Tumbo la chakula linajaa hewa, kisha linajipindua humohumo ndani ya fumbatio. Mlango wa juu unajifunga, wa chini unajifunga, hewa haitoki, na tumbo lililovimba linabana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Saa chache zinatosha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ulikadiria kwamba Great Dane wanne hivi kati ya kumi hupatwa na kuvimba tumbo kwa aina hii katika maisha yao. Hakuna mbwa mwingine aliyekuwa na kiwango kikubwa hivyo kwenye utafiti ule.

Namna ugonjwa huu unavyoanza ni hivi. Amekula saa moja jioni, kama kawaida yake. Saa tatu hatulii. Anasimama, analala, anasimama tena, anageuka kutazama ubavu wake. Halafu anaanza kujaribu kutapika na hakitoki kitu, ni ute mweupe tu, tena na tena. Hiyo ndiyo dalili kubwa, kutaka kutapika bila kutapika. Ukigonga kwa vidole nyuma ya ubavu wa mwisho upande wa kushoto, unasikia mlio wa ngoma. Fizi zinapauka. Watu hupoteza saa nzima hapo wakimpa soda, mafuta ya kula au magadi, au wakimtembeza uwanjani. Usimpe chochote. Piga simu kwa daktari ukiwa njiani.

Njiani kwa usafiri gani? Hili swali nimewauliza wengi na huwa hawajalifikiria. Mbwa wa kilo 70 aliyeishiwa nguvu hapandi bajaji, teksi nyingi humkataa, na mtu mmoja hawezi kumbeba. Mnahitaji watu wawili na blanketi zito. Na unakwenda kwa nani? Dar es Salaam ina madaktari wazuri wa wanyama wa nyumbani, lakini wanaofungua mbwa tumbo saa nane usiku ni wa kuhesabika. Kabla hujamjua mbwa, mjue huyo daktari, na umpigie umuulize waziwazi: ukiletewa tumbo lililopinda usiku, unapasua au unasubiri asubuhi? Jibu lake ndilo litakalokuambia kama mtaa wako unafaa kwa Great Dane.

Kinga ipo. Wakati wa kumhasi, tumbo linashonwa kwenye ukuta wa ndani wa fumbatio ili lisiweze kupinduka. Linaweza kuvimba bado, lakini halijipindui, na hesabu za watafiti zinaonyesha hatari ya kufa hupungua kwa Great Dane karibu mara 30. Mimi namshauri kila mwenye mbwa huyu afanye, bila kusubiri dalili. Zaidi ya hapo, gawa chakula mara mbili au tatu kwa siku, na anayekula kwa pupa mwekee bakuli la kumchelewesha. Bakuli la juu kwenye stuli, ambalo watu wanalipenda kwa mbwa warefu, utafiti wa Purdue uliliona linaongeza hatari. Wapo waliolitilia shaka tokeo hilo baadaye, lakini mimi naliweka chini.

Magonjwa mengine nitayataja kwa kupita: moyo unaotanuka na kulegea, shingo inayobana uti wa mgongo hadi miguu ya nyuma inayumba, saratani ya mifupa ya miguu, nyonga. Ndiyo maana muuzaji wa kweli ukimuuliza babu na bibi wa huyu mtoto walikufa na umri gani, na kwa ugonjwa gani, anakuwa na jibu. Tena uliza hasa kama katika ukoo huo yupo aliyekufa kwa tumbo, kwa sababu lina urithi.

Na sasa huyu mweupe wako. Hapa nasikitika, maana naona umeshampenda. Mabaka meusi juu ya weupe, wanayoyaita harlequin, hutokana na vinasaba viwili vinavyofanya kazi pamoja. Kimoja kinaitwa merle, na mbwa akikipata kutoka kwa mzazi mmoja anakuwa na mabaka na afya yake ya kawaida. Akikipata kutoka kwa wote wawili, rangi inafutika karibu mwili mzima, na seli zilezile za rangi zinaweza kukosekana ndani ya sikio na kwenye jicho. Yuko kwenye hatari kubwa ya kuzaliwa kiziwi, au kipofu, au vyote. Ukipandisha harlequin kwa harlequin, kwa wastani mmoja kati ya watoto wanne anakipata mara mbili hivyo. Wazazi wote wana mabaka, mtoto ni mweupe mwenye doa mbili. Sijamwona, lakini kwa maelezo yako nina shaka kama anasikia vizuri masikio yote.

Mpime mwenyewe. Mtoe kati ya wenzake, maana akiwa nao atageuka kwa kuwa wao wamegeuka. Subiri awe ametazama kwingine, kisha mtu asimame nyuma yake, mbali kidogo, atikise funguo. Usipige makofi wala kukanyaga kwa nguvu, kiziwi huhisi upepo na mtikisiko wa sakafu na atakudanganya. Rudia kushoto na kulia. Mwenye sikio moja zima hugeukia upande uleule kila mara. Kisha mwinue uso kwenye mwanga: jicho moja ni dogo kuliko jingine? Mboni ni ya mviringo, au imevutika pembeni kama imemwagika? Pua imekosa rangi? Ukiona hayo, unajua. Na muuzaji anayepandisha mabaka kwa mabaka, ama hajui anachofanya ama anajua na hajali. Kwa vyovyote usinunue kwake hata yule mtoto mwingine aliye mzima. Wiki sita nazo ni mapema. Asubiri angalau nane, akae na mama na ndugu zake ajifunze kutong'ata kwa nguvu.

Masikio yalikatwa zamani ili nguruwe asipate pa kurarua. Mbezi hakuna nguruwe mwitu. Ujerumani yenyewe, kwao mbwa huyu, ilipiga marufuku ukataji huo tangu 1987. Na mtu anayekufanyia "kwa hela kidogo" hana dawa ya usingizi, nadhani tunaelewana.

Kwa hiyo jibu langu kwa familia yako ni hapana, si Great Dane. Unachohitaji ni mbwa wa nje anayeamka kwa kishindo kidogo na kubweka. Tafuta wawili, jike na dume, wa kienyeji au waliochanganyika na mbwa polisi, wenye kilo 25 hadi 30, wakae pamoja wasipate upweke. Wapate chanjo ya kichaa kila mwaka, wahasiwe, walale barazani na wafunguliwe usiku. Great Dane hubweka kidogo, na akilala amelala. Mwizi atamwogopa kwa umbo akimwona, lakini gizani wakimzoea kwa vipande vya nyama atawatingishia mkia. Pesa inayobaki weka taa nyuma ya nyumba.

Ikitokea siku moja mama Faraja akasema mbwa aingie, na ukaniambia umempata daktari wa usiku na gari, tuandikiane tena, nami nitakueleza namna ya kumtafuta jike mweusi au wa rangi ya kahawia kutoka kwa mtu anayeeleweka. Jike ni mwepesi kidogo na kwa nyumba yenye watoto wadogo namwona anafaa zaidi.

Kuhusu advansi, nenda na funguo zako, mpime mtoto mbele ya muuzaji, na kama hasikii omba pesa yako pale pale, mchana, mkiwa na shahidi. Akikataa kurudisha na ukaona huwezi kumwacha yule mtoto, basi mchukue ukijua unachochukua. Kiziwi hufundishika vizuri kwa ishara za mkono: kiganja wima akae, kiganja chini alale, kidole gumba juu amefanya vema, na kila ishara ifuatwe na kipande kidogo cha chakula. Asitoke getini bila kamba, kwa sababu hatasikia bodaboda. Na watoto wasimguse akiwa usingizini. Wakanyage sakafu kwanza karibu naye, ahisi mtikisiko, afungue macho, ndipo wamshike.